Nilikwenda Kusoma Umeme, Nikarudi na Maziwa

Swali la kwanza tulilopewa darasani kule Denmark halikuhusu umeme hata kidogo. Mwalimu wetu, mama mrefu mwenye mvi aitwaye Birgit, aliingia, akasukuma mlango kwa bega kwa sababu upepo uliuzuia usifungwe, kisha akatutazama sisi wageni tuliokaa na makoti yetu mwilini. Akauliza, "Leo asubuhi, tangu mlipoamka, ni vitu gani vilivyopashwa moto mpaka ninyi mkafika hapa?"

Tulitoka nchi nyingi, na karibu sote tulikuwa watu wa mashirika ya umeme. Tukajibu kama watu wa umeme. Mmoja akasema simu yake ilipata moto akiichaji, watu wakacheka. Mimi nikasema "pasi," kwa kujiamini kabisa, maana nilikuwa nimenyoosha blauzi yangu vizuri kwa ajili ya siku ya kwanza.

"Na chai?" akauliza Birgit. "Na maji uliyooga? Na chumba ulicholala?"

Akanisogelea, akakaa kwenye ukingo wa meza yangu kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Wewe umetoka Rwanda. Nyumbani kwako chai ya asubuhi inachemshwa kwa nini?"

"Makaa."

"Na kwa jirani yako?"

"Makaa. Wengine kuni."

"Na ukipanda milimani?"

"Kuni tu."

"Basi umefanya kazi ya nishati miaka mingi," akasema, tena kwa upole, "na sehemu kubwa ya nishati ya nchi yako imekuwa ikipita nyuma ya ofisi yenu, imebebwa kichwani na akina mama."

Wanangu, ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii, ninawaandikia kwa sababu ya sentensi ile. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Nilidhani kazi naijua. Ile ilikuwa kozi fupi tu ya chuo kikuu, ya kulinganisha jinsi nchi mbalimbali zinavyotumia nishati, majuma machache na cheti mwishoni. Lakini ilinigeuza shingo, nikaanza kutazama upande ambao sikuwahi kuutazama.

Kwanza niwaambie mimi ni nani, maana wengi wenu mnanijua kwa jina la Mama Umeme tu. Jina langu ni Verediana. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wakimbizi, na nilikuja Rwanda nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha ufundi na Kinyarwanda cha jikoni. Kazi ikanileta Gisenyi. Hapa watu walikisikia Kiswahili changu wakacheka. "Huyu anaongea kama redio," walisema. Wao wengi walirudi kutoka Congo, na Kiswahili chao kina mwendo wake. Mpaka leo nikienda sokoni Mbugangari nikiomba "nipunguzie tafadhali," muuza nyanya anamwita mwenzake aje asikilize.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Deo, kiongozi wa mafundi wa laini, mzaliwa wa Masisi, kule Congo. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana kama sepetu, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku yangu ya kwanza kupanda nguzo ilikuwa papo hapo Mbugangari, mchana, barabara imejaa watu. Nilipofika katikati, chini pakawa kama uwanja wa mpira. "Muangalie! Mwanamuke iko juu ya poteau!" Wauza mikate wakaacha mikate. Dereva mmoja akasimamisha gari akashuka kabisa, akaegemea mlango ili aone vizuri. Nikaikumbatia nguzo, nikaacha kupanda.

Papa Deo akaniita kutoka chini, kwa sauti ileile ya kila siku, "Veredi, usiogope batu. Ogopa courant. Batu banaongea tu. Courant haiongeaki."

Courant kwao ndio umeme. Nikacheka, nikailegeza nguzo. Nikapanda. Tangu hapo nguzo za mji huu nilizijua kama mtu anavyojua watoto wa mtaa wake. Jambo la pili alilonifundisha nataka mlishike hata mkisahau mengine yote: "Waya yote iko muzima mpaka we mwenyewe uipime." Msikubali kuambiwa na mtu kwamba umeme umezimwa. Pima. Ukimaliza kupima, funga kufuli, weka ufunguo mfukoni mwako, si mfukoni mwa rafiki yako. Papa Deo alistaafu na vidole vyake vyote kumi, na wengi wa rika lake hawakubahatika hivyo.

Baadaye magoti yalikataa nguzo, nikahamishiwa kazi ya kuhudumia wateja wenye mashine: vinu vya unga, mafundi wa kuchomelea, viwanda vidogo, vituo vya maziwa. Ndiyo maana mwaliko wa kozi ulipofika, injinia mkuu wa tawi letu, kijana msomi na mwenye subira, aliniita. Aliyepangiwa kwenda alikuwa mwingine, lakini mke wake alikaribia kujifungua na akakataa kusafiri. "Mama Verediana," injinia akaniambia, "kozi hii ni ya matumizi. Sisi wengine tunajua kuzalisha na kusambaza. Wewe ndiye unayejua watu wanautumiaje."

Nilikubali, kisha nikalala vibaya kwa juma zima. Kiingereza changu kilikuwa cha sekondari ya Karagwe, kilichokaa kabatini muda mrefu. Papa Deo, mzee aliyekwisha kustaafu, alikuja nyumbani kuniaga na sweta lake la sufu, la rangi ya machungwa, kubwa mno. "Chukua hii pull," akasema. "Kule iko baridi ya kuua mutu." Nililivaa kila siku. Siku moja nikiwa nimesimama kando ya barabara nasubiri wenzangu, dereva wa lori alisimama akaniuliza kitu kwa Kidenmark akionyesha mbele. Baadaye Birgit alinieleza, huku akifuta machozi ya kicheko, kwamba dereva alinidhani mfanyakazi wa barabara na alitaka kujua njia imefungwa mpaka wapi.

Nilichokistaajabia kule hakikuwa minara ya upepo. Minara mnaijua kwenye picha, na ni kweli ni mikubwa, ukisimama chini yake unasikia hewa inakatwa kama nguo. Mimi nilistaajabia uchoyo wao. Sina neno lingine, na ninalisema kwa heshima. Ni watu wenye umeme wa kutosha, lakini mtu akitoka chumbani anazima taa kama mama yangu alivyokuwa akizima kibatari ili mafuta yafike Jumapili. Joto linalobaki kwenye mtambo wa umeme, ambalo kwingine lingepaa hewani, wanalitia katika maji, na maji hayo yanapita kwenye mabomba chini ya barabara mpaka nyumbani kwa watu. Siku ya kwanza nilioga maji ya moto nikamuuliza mtunza hosteli nani amewasha moto. Akanionyesha dirishani, mbali, bomba refu la moshi upande wa pili wa mji. "Yule pale," akasema.

Mzee huyohuyo wa hosteli alinikamata siku nyingine nimefungua dirisha huku kipasha joto kinafanya kazi, kwa sababu nilitaka hewa safi. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mama, unawapashia joto kunguru." Nikafunga. Hadi leo kwangu Mbugangari mtu akiacha jiko linawaka bure ninamwambia hivyohivyo, na wajukuu wanauliza kunguru gani.

Darasani nilikaa na Sunita, mhandisi kutoka Nepal, mwanamke mdogo wa umbo mwenye kucheka kwa pua. Tulipendana haraka kwa sababu sote wawili tulitoka nchi ya milima na sote tuliona chakula cha pale hakina pilipili. Alikuja na chupa yake ya pilipili, akanigawia bila kuombwa. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na mwalimu akienda kasi, aliniandikia neno moja moja pembeni ya karatasi yangu huku akijifanya anaandika yake.

Sasa niwapeleke Mudende kidogo, halafu nitawarudisha Denmark.

Mudende, milimani juu ya mji wetu, kuna kituo cha kukusanyia maziwa, na msimamizi wake alikuwa Immaculée, mama aliyerudi kutoka Congo na ng'ombe wachache waliosalia wa baba yake. Alijua ng'ombe wa kila mtu kwa jina, na wenye ng'ombe walimwogopa kidogo, kama inavyofaa. Asubuhi wafugaji huleta maziwa bado yana joto la ng'ombe, wanamimina kwenye tangi la kupoza, na lori la kiwanda linakuja kuyachukua. Tangi lile linakula umeme. Maziwa ya moto yakiingia mengi kwa wakati mmoja, mashine inalia kama mtu anayepanda mlima na gunia la viazi.

Mwaka mmoja kabla ya kozi, dhoruba iliangusha miti juu ya laini yetu. Tulifanya kazi kama wazimu, lakini laini ilikuwa ndefu. Jenereta ya kituo ilikataa kuwaka. Nilipofika kuona mashine zao, lori lilikuwa limekwisha kuyapima maziwa na kuyakataa. Immaculée alikuwa amefungua bomba la chini la tangi. Maziwa yalikuwa yakitoka, meupe, yakiingia kwenye mchanga mweusi wa volkano na kupotea palepale, maana udongo ule unakunywa kila kitu. Wafugaji walisimama pembeni. Mzee mmoja alivua kofia, kama tunavyovua msiba ukipita. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Niliipeleka picha ile Denmark bila kujua kama nimeibeba.

Karibu na mwisho wa kozi Birgit alitupeleka shambani kwa mfugaji mmoja, Jens, mtu mnene mwenye mashavu mekundu asiyejua Kiingereza zaidi ya salamu. Wenzangu walikwenda kuangalia mashine ya kukamulia. Mimi na Sunita tukabaki kwenye ukuta wenye mabomba, kwa sababu Jens alinishika mkono, akauweka juu ya bomba moja. Lilikuwa vuguvugu. Akauhamishia kwenye bomba la pili. Baridi! Akaonyesha bomba la kwanza, akafanya "muuu." Maziwa kutoka kwa ng'ombe. Akaonyesha la pili, akaonyesha chini ardhini. Maji ya kisima. Kisha akatupeleka upande wa pili wa ukuta: mabomba mawili yalikuwa yamepita bega kwa bega katikati ya vibati vyembamba, na sasa maziwa yalitoka yamepoa na maji yalitoka vuguvugu. Maziwa yakaenda kwenye tangi, nayo mashine ya tangi ilinguruma taratibu kama paka. Maji yakaenda kwenye hori, na ng'ombe wakayanywa kwa furaha, maana ng'ombe naye hapendi maji ya barafu.

Nikaondoa mkono, nikaurudisha. Jens akacheka. Nadhani aliona macho yangu yamejaa machozi akafikiri ni upepo.

"Veredi, una nini?" Sunita akauliza.

Nikamweleza ya Mudende, maziwa na mchanga mweusi, palepale tukiwa tumesimama kwenye tope. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwetu, bibi yangu hana mabomba kama haya. Anasimamisha madumu ya maziwa ndani ya kijito mpaka shingoni."

Nikamshika mkono. "Rudia hilo," nikasema.

Kozi ilimalizika kwa kila mtu kusimama na kueleza jambo moja katika nchi yake linaloweza kufanywa kwa nishati pungufu. Wenzangu walizungumza mambo makubwa, mabwawa, taa za miji mizima, na waliyazungumza vizuri. Mimi nilizungumza maziwa. Niliishika meza kuliko nilivyoishika nguzo siku ile. Nilieleza kwamba bidoni, madumu ya maziwa ya wafugaji wetu, zikae ndani ya maji baridi kabla maziwa hayajamiminwa tangini, ili mashine ikute kazi imekwisha nusu, na umeme ukikatika maziwa yasife upesi.

Birgit hakupiga makofi. Aliuliza, "Maji hayo yanatoka wapi? Na yakishachukua joto yanakwenda wapi?"

Mudende hakuna vijito kama vya bibi yake Sunita. Mvua inanyesha sana, lakini mawe ya volkano yanaimeza. Watu wanapanga foleni kwenye bomba. Nikasema ukweli: "Mwalimu, sijui."

"Vizuri," akasema. "Basi kazi yako inaanzia hapo." Kisha baada ya darasa akanifuata ukumbini, akanishika mabega mawili. Akaniambia kwamba kila mwaka anasubiri mwanafunzi mmoja atakayerudi nyumbani na swali badala ya jibu. Nimefundishwa na walimu wengi maishani. Huyu ndiye aliyeniamini kiasi cha kunikatalia sifa ya bure.

Nikarudi Gisenyi. Injinia mkuu alinisikiliza, akakuna kidevu. "Mama, sisi tunauza umeme. Wewe umetumwa Ulaya, umerudi kuwafundisha wateja kuutumia kidogo?"

Nikamjibu, "Bwana injinia, umeme usioliwa na maziwa ya Mudende utafika kwenye nyumba ya Busasamana inayosubiri zamu ya kuunganishwa. Haupotei. Unahama tu."

Akafikiri, akacheka, akanipa ruhusa na siku za kupanda mlimani. Namheshimu kwa hilo. Wakubwa wengi wangeikunja karatasi ya kozi niliyomwekea mezani.

Immaculée alikuwa mgumu zaidi. Nilimchorea kila kitu mavumbini kwa kijiti. Akaangalia, mikono kiunoni.

"Mama Umeme, sisi batu ya huku hatuna maji ya kukunywa. We unataka maji ya kuogesha maziwa?"

"Mvua ya paa lenu inakwenda wapi?"

"Inaanguka. Inaenda. Nitajua wapi?"

Paa la kituo lilikuwa kubwa, la mabati, na mvua ya Mudende mnaijua. Tukakubaliana kuchimba tangi la saruji ardhini la kukinga maji ya paa, upande wa kivulini, kwa sababu ardhi ya kule juu ni baridi siku zote na usiku unaipoza zaidi. Wafugaji walichimba wenyewe. Papa Deo alipanda kutoka mjini kwa moto, pikipiki ya abiria, amekaa nyuma ya dereva na kifaa cha kukatia mabomba mgongoni, na umri wake ule. Akatufungia pampu ya mkono na birika refu la saruji ambamo bidoni zingesimama kwa mstari, maji yakiingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Alinifukuza nilipotaka kumsaidia. "We ulisoma. Sasa simama pale, useme kama iko droit, kama imenyooka."

Mambo ya kiufundi, yashikeni, maana tulijifunza kwa kukosea. Maji lazima yafike juu kuliko maziwa yaliyo ndani ya bidoni, la sivyo sehemu ya juu inabaki na joto, na ugonjwa wa maziwa unaanzia hapo. Bidoni ziwe za alumini. Lile dumu la plastiki la njano halipitishi joto, utakaa nalo majini mpaka jioni. Maziwa yakorogwe taratibu kwa fimbo safi ya chuma. Na kifuniko kilegezwe, mvuke utoke. Juma la kwanza hatukulijua la kifuniko, maziwa yakanuka kama zizi, na Immaculée akanitazama kwa jicho ambalo sitalieleza.

Lakini swali la Birgit lilikuwa bado: maji yakishapata joto yanakwenda wapi? Tulianza kuyamwaga, na kila mtu aliyeona yakimwagwa alisononeka. Kuyarudisha tangini haikufaa, yangepasha mengine. Tulikaa juu ya bidoni tupu tukiyaangalia, mimi, Papa Deo na Immaculée. Mfugaji mmoja alikuwa akiondoka, bidoni tupu inagonga kwenye baiskeli yake, kong'o, kong'o, kong'o.

Immaculée akainua kichwa. "Huyu anaenda na nini?"

"Na bidoni," nikasema.

"Anaenda na bidoni *bure*." Akasimama. "Anakuja na maziwa, anarudi na hewa. Na kwake iko ndama zenye kiu."

Papa Deo akapiga goti lake kwa kofi. "Voilà!"

Ikawa sheria ya kituo. Unaleta maziwa, bidoni yako inakaa birikani mpaka ipoe, unamimina, unaisuuza, kisha unaijaza maji vuguvugu ya birika unapeleka kwa ndama zako. Maji yaleyale ya mvua yalifanya kazi mbili. Nilimwandikia Birgit, nikamweleza kwamba jibu la swali lake limepatikana na limepatikana kwa Immaculée, na nikampelekea Sunita nakala ya barua ile amsomee bibi yake. Birgit alijibu kwa mstari mmoja: naomba ruhusa ya kulifundisha darasani. Nilipomwambia Immaculée kwamba jina lake litasemwa chuo kikuu Ulaya, alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, kisha akaenda kumfokea mtu aliyeleta dumu la plastiki.

Mtihani wa kweli ulikuja mwanzo wa masika. Radi ilipiga transfoma alfajiri, na milima yote ile ikakosa umeme. Nilikuwa nimekwisha kupanda kuelekea Mudende na gari la mafundi. Kazi ya transfoma si ya saa moja, nilijua. Wakati wenzangu wanashusha vifaa nilikwenda kituoni kwa miguu, nikijiandaa kwa yale niliyoyaona mwaka ule.

Bidoni zilikuwa zimesimama birikani, mpaka shingoni. Watu walikuwa wanapampu kwa zamu. Immaculée alikuwa anatembea na fimbo yake ya chuma kutoka bidoni hadi bidoni, anakoroga, anahamia nyingine. Tangi la mashine lilikuwa kimya. Lori likachelewa, kwa sababu mti ulikuwa umeziba barabara chini kule. Jua likapanda. Nikaingiza mkono birikani, maji yalikuwa vuguvugu; nikamtazama Immaculée, naye akasema, "Badilisha maji, bado tangi iko na mengi." Tukabadilisha.

Lori lilipofika, mpimaji wa kiwanda aliyekuja nalo alishuka akitikisa kichwa kabla hajagusa kitu. "Umeme hamna tangu alfajiri, mama. Nitapima tu kwa heshima." Akachota maziwa ya bidoni ya kwanza kwenye kichupa, akatia alkoli kiasi kilekile, akatikisa. Maziwa yaliyoanza kuharibika hapo hukatika vipande vipande. Tukasogea wote. Nilisikia mtu nyuma yangu anasali Salamu Maria kwa Kinyarwanda, haraka haraka.

Mpimaji akainua kichupa juani. Maziwa yalishuka kwenye kioo laini, meupe, bila punje. Akapima ya pili. Ya tatu. Akamtazama Immaculée, akatazama birika, akavua kofia yake akajikuna.

"Pakia," akasema.

Papo hapo kukawa na kelele kama za harusi, bidoni zinagongana, wengine wanamimina, wengine wamekwisha kupanga mstari wa maji ya ndama, na Immaculée katikati yao anapiga amri kwa lugha tatu. Mimi nikarudi nyuma, nikakaa kwenye jiwe. Mfugaji mmoja alinipitia na bidoni yake imejaa maji, akanisalimu kwa heshima, akaniuliza wajukuu hawajambo, akaniambia viazi vya mwaka huu vimekubali, akaendelea na safari yake. Baada yake akapita mwingine, na mwingine. Watu wote wa mlima ule walijua mimi ni nani na ninafanya kazi wapi. Katika miaka yangu yote, ile ndiyo siku pekee ambayo umeme ulikatika na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza utarudi saa ngapi.